Bakuli Lililorudi Likinukia Sabuni

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, mimi naitwa Diem, nilitoka Vietnam nikaolewa hapa Namhae miaka mitatu iliyopita, mume wangu Sang-cheol yuko melini na kwa mwezi anakaa nyumbani wiki moja tu, na katika miaka yote hiyo aliyewahi kunipigia hodi ni mmoja, Bibi Pan-sun wa mlango wa pili, ambaye wiki niliyofika aliniletea kimchi, ile kabichi ya Wakorea ya kuchachuka kwa pilipili, bakuli zima la mfuniko akasema, "We mtoto, kula, umekonda kama njiti," nami nikala, nikaliosha bakuli mpaka likanukia sabuni, nikamrudishia, maana kwetu mama alikuwa akituchapa tukirudisha chombo cha watu kichafu, akaleta tena viazi vitamu, nikaosha, nikarudisha, akaleta dagaa wa kukaanga, nikaosha zaidi, siku hiyo akafunua akachungulia ndani akasema, "Ehe. Linang'aa kweli," akafunga mlango, na tangu hapo nikimwamkia anaangalia maua yake, nikadhani ni kwa kuwa mimi mgeni, nikanuna na mimi, hata alipoanguka bafuni mwezi wa tatu nilisikia gari la wagonjwa nikabaki nyuma ya pazia. Juzi ndipo Mi-ok, mwenzangu kiwandani, alipocheka mpaka akakaa chini: "Mara tatu unarudisha tupu? Hata chungwa moja, shoga? Hapo ni kama umemwambia asilete tena!" Sasa mwanawe anamhamishia nyumba ya wazee kule Jinju Jumamosi hii, na mimi aibu imenishika miguu, nikienda nitasema nini?

JIBU

Diem, barua yako imenifikia Jumatatu. Bibi ameshakwenda, na sikuulizi Jumamosi ulikuwa upande gani wa pazia.

La bakuli nakusamehe. Mimi nami nilikuja mgeni, nikarudisha mabakuli matupu nchi hii miaka minne, na aliyenizindua alikuwa ananigombeza. Lisilosameheka upesi ni lile la mwezi wa tatu: mwanamke wa umri ule yuko chini bafuni, wewe unakumbuka nani hakuitikia salamu. Naye ana lake. Angesema neno moja tu mlangoni, mngecheka wote. Mmepakana ukuta, kila mmoja hana mtu, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Hongereni.

Sasa inuka. Pika uji wa mchele kama wa mama yako, laini, anayekula hana meno ya kushindana. Kimchi usithubutu, atakucheka. Tia kwenye bakuli la mfuniko, panda basi la asubuhi la Jinju. Hotuba ya kuomba radhi iache nyumbani, sema tu, "Bibi, nimechelewa kurudisha bakuli." Akigeukia ukutani, kaa. Huenda hata asikukumbuke, wazee wakihamishwa huwa hivyo. Mtajie jina lako, ukae vilevile.

Wiki ijayo rudi ukachukue bakuli lako. Utalikuta tupu. Usinune, Diem. Kule hana jiko.