Alama za Baba Yako Gervais

Makazi ya Mishamo,
Mpanda.
14 Juni 1998

Mpendwa mjukuu wangu Révérien, mume wangu wa huko kwenye baridi,

Hujambo? Kile kifua kimepona? Unakula chakula cha kushibisha au bado ni mkate tu? Mimi goti la kushoto linagoma, nalifokea, linakwenda. Mama yako Marta ni mzima, wadogo zako wazima. Mahindi tumevuna. Maharage yaliozea kwenye mvua ya mwezi wa nne, ndiyo hivyo.

Anayeniandikia ni Gaudiose, yule katekista. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Mama yako ameenda mashineni kusaga. Nimechagua saa hii makusudi.

Barua yako nilisomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Watu wazima wenye ndevu, huko Kanada, mnazunguka meza na kujifanya mashujaa, mnapigana na majoka yasiyokuwepo! Nikamwambia Gaudiose, "Tulimpeleka masomoni akiwa mtu mzima, sasa amekuwa mtoto." Akasema, "Bibi, muache, nje kuna barafu, watacheza nini kingine?"

Mara ya pili nikaelewa. Kila mtu wa mchezo anapewa alama sita: nguvu, wepesi, uvumilivu wa mwili, akili, busara, na kupendwa na watu. Ya chini kabisa ni tatu, ya juu ni kumi na nane, na mtu wa kawaida ana kumi. Wenzako walirusha dadu wakapokea walichopata. Wewe ulikataa kurusha. Ulisema mtu wako ni baba yako Gervais, ukampangia alama mwenyewe, kisha unaniuliza mimi niliyemzaa kama umepatia.

Umepatia. Hapo ndipo uliponiua.

Nguvu kumi na saba. Kweli, tulipoletwa hapa tukiwa wakimbizi palikuwa pori tupu, na shamba hili lote alilifyeka yeye kwa shoka moja. Wepesi kumi na sita. Alikuwa anakamata kanga porini kwa mikono. Uvumilivu kumi na saba. Homa iliyoniulia watoto wawili ilimpitia na yeye, akaamka akaomba uji. Akili kumi na tano, maana alijifunza kusoma bila mwalimu na akawa anaandikia kijiji kizima barua. Kupendwa kumi na nane. Hata mbwa wa watu walimfuata. Busara umempa tisa, na hapo pia hukukosea, kwa sababu tulimwambia asiende.

Sasa nisikilize. Alivuka kwenda Burundi Agosti 1993 kutazama shamba la babu yako. Oktoba vita vikaanza. Tangu hapo, kimya. Kama ana nguvu kumi na saba, nani alimshika? Kama miguu ni ya kumi na sita, mpaka umemshindaje? Wenye miguu ya nane wamefika. Libérat, mzee mwenye macho mabovu, amefika akipapasa njia kwa fimbo. Anajua kuandika, karatasi imemshinda? Na watu wote wanaompenda hivyo, hakuna hata mmoja wa kumficha, wa kutuletea salamu?

Nilitaka kumpunguza. Siku nne nilijaribu. Nikamwambia Gaudiose, andika miguu saba, labda bado yuko njiani anajikokota. Andika akili sita, labda amepotea. Andika kupendwa tatu, labda ana mke mwingine huko na ametutupa, mbwa yule! Gaudiose akaweka kalamu chini, akasema, "Bibi, huyo unayemtaja simjui."

Hata mimi simjui. Mtu wa alama hizo anaweza kuwa hai, lakini sikumzaa mimi. Wangu ni huyo wa alama zako, na huyo angekuwa amefika.

Basi amekufa, Révérien. Sijawahi kulisema neno hilo.

Mama yako kila jioni anamwekea sahani, anaifunika, asubuhi anawapa kuku. Mimi ndiye niliyemkataza kulia. Nilimwambia ukimlilia mtu aliye hai unamfungia njia. Kumbe niliyemfungia ni mama yako, karibu miaka mitano. Akirudi leo na unga wake nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sijui nitaanzia wapi.

Matanga ni Jumamosi, tarehe moja Agosti. Nimeiweka mbali ili barua ikufikie. Mwili hatuna, tutatandika mkeka mtupu. Wewe ndiye mtoto wake mkubwa: nyoa kichwa siku hiyo, hata kama baridi itakuuma. Alama usizirekebishe. Kwetu, mtu akiwekewa matanga husemwa alivyokuwa. Wewe zisome zote sita, kwa sauti, mbele ya hao rafiki zako, na hiyo tisa usiiruke. Hapa atazisoma Gaudiose. Mkimaliza, nyie endeleeni na mchezo wenu, sina ugomvi nao.

Anakusalimu shangazi yako Suzana, na mdogo wako Providence, ambaye sura ya baba yake haikumbuki.

Mungu akushike pale mkono wangu usipofika. Kula, vaa nguo nzito, usilie peke yako.

Ni mimi bibi yako nikupendaye,
Natalia,
mama wa marehemu Gervais.