Nyuzi za Gitaa la Baba

Kaka yangu,

Sisi hatujambo, ila vifurushi vyako vimenichosha. Hii ni mara ya tatu unatuma nyuzi za nailoni. Gitaa la baba, lile la umeme analolilaza mapajani, linataka nyuzi za chuma, laini, zisizokwaruza anapotelezesha kile kipande cha chuma juu yake. Nilikuandikia hata unene!

Baba alizifunga hivyo hivyo. Gitaa likawa bubu. Nikaanza kukulaumu, akanikatiza: "Mwache. Ameshasahau gitaa langu likoje."

Mkono wake wa kushoto umeanza kufa ganzi. Alinikataza kukwambia.

Nyuzi nitachagua mwenyewe. Wewe njoo umsikilize angali anaweza kupiga.

Ni mimi mdogo wako, na hasira zangu,
Kitindamimba