Kazi Yangu Gazetini

Jules Street, Malvern,
Johannesburg, Afrika Kusini.
Jumapili, 21 Oktoba 2018

Mpendwa Mjomba Bakiri,

Asalaam aleikum. Shikamoo, mjomba. Hapo Barabara ya Kumi na Mbili hamjambo nyote? Ule mguu uliokuwa ukivimba umepoa, au bado unaukalia juu ya stuli siku nzima kwa ubishi? Na macho je? Naseeb aliniambia kwa simu kwamba yeye mwanao ndiye anayekufungia waya mwembamba siku hizi, na wewe unavaa miwani mbili kwa pamoja. Nilicheka mpaka nikakohoa. Hiyo ya pili inakaa wapi? Niambie, nimejaribu kwa kioo nimeshindwa.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Masika ametimiza miaka kumi na miguu yake inakataa viatu kila baada ya miezi mitatu. Baridi imekwisha, sasa ni mvua ya mawe. Juzi imetoboa bati la jirani.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza katikati, na jambo lenyewe lataka lisimuliwe toka mwanzo.

Nilikwambia kwamba naomba ukaazi wa kudumu. Viza yangu ya kazi inaisha mwezi wa tano mwakani, na ukaazi ndio ungeturuhusu mimi na Masika tuishi hapa bila kuhesabu miezi. Mtoto alikuja ana miaka sita. Shule yake iko hapa, marafiki zake wako hapa, hata ndoto anaota kwa Kizulu, nimemsikia. Bwana Ferreira, mwenye karakana ninamosuka mota hapa Jeppestown, alikubali kunidhamini. Yeye karakana aliirithi kwa baba yake. Kuuza anajua, kutoa waya ulioungua kwenye mota na kusuka mpya, hajui hata kidogo.

Unanijua nilivyo mdadisi. Nilidhani ukaazi ni kujaza fomu na kupanga foleni. Kumbe wanataka kukujua kuliko mama yako alivyokujua. Wamenipiga picha ya mapafu. Wametaka barua ya polisi wa huko kwetu kwamba sikuiba, na ya polisi wa huku kwamba bado sijaiba. Vidole navyo! Vyangu vimelambwa na vanishi na waya mpaka alama hazionekani. Dada wa pale polisi alivifuta kwa spiriti mara tatu, akaniuliza nafanya kazi gani hii duniani. Nikamweleza yote, naye akasikiliza, foleni nyuma yangu ikaanza kuguna.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni gazeti. Kwa njia niliyoombea mimi, mwajiri sharti kwanza aitangaze kazi, aonyeshe kwamba amemtafuta mwenyeji mwenye ujuzi huo akamkosa. Kazi gani? Hii hii yangu, mjomba! Niliikuta kwenye kisanduku kidogo chini ya tangazo la matairi: anatakiwa fundi wa kusuka mota kubwa, mwenye uzoefu wa miaka saba. Nilisoma nikajiona ninafaa kabisa, nikataka kutuma maombi. Marthe, jirani yangu Mkongo anayesuka nywele hapa mtaani, alicheka akaangukia kochi la wateja. Nilinunua nakala mbili. Wiki nzima nikawa namchungulia kila mtu mwenye gazeti, kwenye teksi, kwenye spaza, hivi viduka vya mtaani, nikijiuliza: huyu atafunua ukurasa unaofuata, au atakomea kwenye kazi yangu?

Walikuja watatu. Ferreira akaniita kando akaniambia yeye hana namna ya kuwapima, nami ndiye fundi pekee anayejua kazi. Niwapime, niandike, nitie sahihi. Nilimwuliza kama anajua anachoniomba. Akasema anajua, na hana mtu mwingine. Eish! Nimewekwa mlangoni pa kazi yangu mwenyewe, nichague nani aingie.

Nikawawekea mezani mota ya pampu, ya zamani, imeungua, kibati chake cha maelezo kimefutika na mchoro wake haupo popote. Aina ileile uliyokuwa ukinipa wewe nilipojifanya nimeshajua.

Wa kwanza alikuja na tai na vyeti vinavyong'aa. Kabla sijamaliza kumkaribisha, ameshika patasi na kukata koili za zamani. Nikamwuliza zilikuwa na mizunguko mingapi. Akaniangalia, akaangalia waya sakafuni. Basi, mota isiyo na mchoro ukishaikata bila kuhesabu, utaisuka kwa kubahatisha. Wa pili alikuwa dada muungwana kutoka Bertrams, amezoea mota za feni na mashine za kufulia. Alisema mwenyewe kwamba hii imemzidi. Tukanywa chai, akachukua namba yangu. Sikufichi, jioni ile nilipika pilau.

Wa tatu ni Mzee Sithebe wa KwaThema. Alipunguzwa kazi mgodini miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo anachomelea mageti. Aliifuta mota kwa kitambaa chake, akaizungusha, akainusa. Kisha akaniomba kikombe. Nikamletea maji. Akayanywa, akanishukuru, akakiweka kikombe kitupu mbele yake, akatoa njiti za kiberiti mfukoni. Akaanza kuhesabu mizunguko ya waya wa zamani, na kila akifika kumi anatia njiti moja kikombeni.

Mjomba, nilisahau kwamba namwombea ashindwe. Wewe ulinifundisha hivyo hivyo kwa choroko, na miaka yote nilidhani ni mambo yako mwenyewe! Nikavuta kiti nikamwuliza, baba, nani alikufundisha hii? Akasema ni mzee mmoja Mmalawi, walikuwa pamoja kwenye karakana ya mgodi, sasa ni marehemu. Na yule Mmalawi alijifunza kwa nani? Hakujua. Wewe je, choroko ulizitoa wapi? Sijawahi kukuuliza, ona mdadisi gani mimi.

Alifanya kazi siku mbili. Tulipoiwasha, niliweka kiganja juu yake, haitikisiki. Nilitafuta kosa. Wallahi nililitafuta! Nikapima kila fezi ya umeme, nikanywa chai, nikapima tena.

Jioni nilimweleza Marthe. Aliacha kichwa cha mteja nusu, akanishika mkono. "Mama Masika, andika tu kama haweze," akasema. "Nani atayua?" Na ni kweli, hakuna ambaye angejua. Ferreira asingejua, wakili anayeshughulikia ombi langu asingejua. Sikulala vizuri, na Masika aliamka akaniuliza kwa nini nimevaa blauzi nje ndani.

Niliandika Jumatano. Wawili wa kwanza: hawawezi. Wa tatu: anaweza, na kwenye mota kubwa ananizidi. Nikatia sahihi.

Ferreira aliisoma amesimama, kisha akakaa juu ya boksi la waya. Akaniambia karatasi hii ikienda, ombi langu limekwisha. Je, nataka kuiandika upya? Nikasema sitaki. Usidhani nilikuwa shujaa, mjomba. Nilikuwa na hasira na kila mtu, wewe ukiwemo, kwa kunifundisha kuhesabu kabla ya kukata. Lakini nimemwona kwa macho yangu. Ningeandika hapana, ningekaaje tena kwenye lile benchi? Ningekuwa nasuka huku najijua.

Mzee Sithebe anaanza kesho. Ferreira atanibakiza mpaka viza iishe, nimwonyeshe mzee kila kitu kinapokaa. Wakili amesema kwa njia hii hakuna la kufanya tena, na njia nyingine haioni. Na ajabu yake, kesho naisubiri kwa hamu. Nataka nimwone anavyofunga lile fundo la mwisho la uzi, maana mkono wake ulipita haraka nikabaki nimekodoa macho.

Masika nilimwambia jana kwamba tutarudi kwetu Tanga. Hakulia, aliuliza maswali, si damu yangu? Tanga kuna maktaba? Shuleni watamweka darasa la ngapi? Watoto watamcheka akisema Kiswahili chake? Nikajibu niliyoyajua. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, nami nikalia jikoni mpaka wali ukaungua. Naumia, mjomba. Naumia kwa ajili yake kuliko yangu.

Msalimie sana mkaza mjomba wangu Bi Duni, umwambie ile kanga ya zambarau bado naivaa. Naseeb naye mpe salamu, na mkewe, na wajukuu wote wanaokufichia miwani. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuzidishie umri wenye nguvu, na mguu huo aushushe uvimbe.

Sasa nina ombi moja. Nikirudi nitahitaji kazi, na sijui pengine pa kuiomba ila kwako. Karakana yako ni ndogo, najua, na Naseeb yupo. Lakini tafadhali usinipe kwa sababu ni mpwa wako. Tangaza kwanza hapo Ngamiani, waite wote wanaosema wanaweza, nami uniweke kwenye foleni pamoja nao. Nipe mota iliyoungua. Nikishindwa, andika hawezi, utie sahihi, wala sitakununia.

Ni mimi mpwa wako akupendaye daima,

Shufaa