Moshi wa Kijani Uko Kulia

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Joto. Migomba ya jirani haitikisi hata jani.

Kumi na mbili. Nane. Sita. Ishirini na tisa.

Hizo ni namba zilizofichwa ndani ya yale madoa ya rangi ambayo daktari wa macho anakuonyesha ukurasa kwa ukurasa. Mimi sizioni. Naona madoa tu, kama mchanga uliomwagwa juu ya mchanga. Lakini nimezitafuta mtandaoni, na wiki mbili sasa nazikariri kwa mpangilio wake.

Sijawahi kumwambia mtu. Nyekundu na kijani kwangu ni rangi moja iliyochoka. Mama akinituma nyanya, nazibonyeza; akisifu nilivyochagua mbivu, nanyamaza. Kidato cha pili nilipaka msitu wa Arabuko rangi nyekundu kwenye ramani. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao nikasema ulikuwa mzaha. Tangu siku ile situmii penseli ya rangi ambayo haijaandikwa jina ubavuni.

Jumatatu Babu ananipeleka Kilifi kupimwa macho, fomu ya chuo cha urubani ijazwe. Kanisani keshawaambia wote. Na si yeye tu anayetaka. Mimi nataka kuruka kuliko kitu chochote, ila kulisema hilo kwa sauti naona haya. Ndiyo maana nina blogu yenye wasomaji wanne, na mmoja wao ni mimi kwenye simu ya Mama. Kiingereza nimekijibia mitihani miaka kumi na miwili. Humu naandika Kiswahili, na hakuna anayenisahihisha.

Babu ni baba yake Mama. Zamani alikuwa rubani wa jeshi, wa helikopta kubwa iitwayo Puma. Leo mchana alitembelewa na Meja Athman wa Shela, aliyekuwa rubani msaidizi wake. Wageni wakija mimi hupata kazi ya ghafla chumbani, lakini Babu alishaweka kiti cha tatu barazani, katikati ya viti vyao viwili. Akasema fundi wa mitambo hukaa hapo.

Nikakaa.

Wazee hawa hawawezi kusimulia mikono ikiwa imetulia. Wa kushoto unavuta wenzo usiokuwapo kando ya kiti, wa kulia umeshika kitu katikati ya magoti, na miguu ndani ya kandambili inasukumana ili mkia usizunguke. Viti vya plastiki, birika la kahawa, sahani ya kaimati, na wao wanapaa. Meja alisema Puma ikikaribia kutua ilikuwa ikitetemeka kama punda anayekataa kuvuka maji. Babu akasema punda anamjua, alikuwa amekaa kiti cha kushoto, cha rubani msaidizi. Walicheka mpaka Meja akavua kofia yake na kujipepea nayo.

Kisha wakaingia kwenye habari ya mafuriko ya mto Tana. Walikuwa wakipeleka unga na kuwatoa akina mama na watoto kwenye vichuguu vya ardhi vilivyobaki juu ya maji. Askari waliokuwa chini walirusha moshi wa aina mbili. Wa kijani maana yake ardhi ni ngumu, tua hapa. Mwekundu maana yake ni tope, ukishusha magurudumu yatazama na ndege italala ubavu. Babu ndiye aliyekuwa mkubwa. Akaanza kushuka kwenye mwekundu.

Meja alikuwa luteni mpya, na kumrekebisha mkubwa angani si jambo dogo. Akasema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi mezani: "Wa kijani uko kulia, afande."

Babu akageuza. Wakatua salama.

"Tangu siku hiyo," Meja aliniambia, "kila moshi nilikuwa nautangaza kabla sijaulizwa, kama muuza samaki. Babu yako alipenda kuhudumiwa."

"Jua lilikuwa usoni," Babu akasema.

"Siku zote lilikuwa usoni, Karisa. Hata asubuhi ya mawingu."

Wakacheka tena. Mimi nilicheka nusu.

Hapo Meja akatoa picha kwenye bahasha. Ilipigwa mlangoni mwa ndege siku ile ile na fundi wao, ambaye sasa ni marehemu, na binti yake ndiye aliyeikuta kwenye sanduku na kumtumia Meja. Babu alikuwa hajawahi kuiona. Maji kila mahali, kipande cha ardhi, na mawingu mawili ya moshi, kushoto na kulia. Meja akaniwekea magotini. Haya, rubani wetu, utatua wapi?

Nilikuwa nimeambiwa jibu dakika tano kabla. Kulia. Lakini picha haikupigwa kutoka kiti cha mbele, na sikujua ndege ilikuwa imeelekea wapi. Niliona mawingu mawili yenye rangi ya chai ya maziwa. Nikaweka kidole kwenye moja.

Babu aliinama, akavaa miwani, akaitazama vizuri. Akanipiga bega.

"Hapo hapo. Umeona, Athman? Hilo ndilo jicho la rubani."

Meja hakucheka. Alinitazama mimi, kisha akamtazama Babu. Akairudisha picha kwenye bahasha polepole, akasema kahawa ya leo imekuwa tamu.

Alipoaga aliniomba nimsindikize hadi penye tuktuk. Tulitembea mpaka dukani pa kona.

"Umechagua ule alioufuata babu yako," akasema. "Ule mwekundu."

Nilitazama mchanga.

Alinieleza bila kunikaripia. Kitabu cha madoa kilikuwa kile kile kila mwaka, na Babu alikikariri. Miaka tisa waliruka pamoja, Babu hakumwambia neno, naye hakumuuliza. Lakini siku ambazo Babu alipangiwa kuruka na mtu mwengine, Meja chakula hakikumpita kooni mpaka asikie mlio wa ile Puma ukirudi.

Kisha akaingia kwenye tuktuk, akatoa kichwa nje.

"Na wewe, mjukuu wangu, kiti cha kushoto utamweka nani?"

Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu.

Mwalimu wa Biolojia alitufundisha kwamba upofu wa rangi mvulana huupata kwa mama yake, ambaye mara nyingi naye ameuchukua kwa baba yake. Siku ile nilimfikiria Babu, nikasema haiwezekani, Babu ni rubani. Nikaamua kasoro imeanzia kwangu. Miaka miwili nimeibeba peke yangu, kumbe mwenye nayo anakunywa uji meza moja na mimi.

Simkasirikii. Nilidhani nitamkasirikia. Nawafikiria tu wale akina mama waliokuwa nyuma, watoto mgongoni, na luteni mpya aliyeogopa kuonekana mjuaji. Je, kama angenyamaza?

Mimi ningenyamaza. Najijua.

Kwa hivyo Jumatatu nikiulizwa namba nitasema naona madoa. Kazi za ndege ziko nyingine, na kama hazipo nitalia kwanza halafu nitatafuta. Kinachonitisha si daktari. Ni kwamba Babu atakuwa amekaa pale kitini, na nikisema langu nitakuwa nimesema na lake. Haifai alisikie mbele ya mgeni.

Kandambili zake nazisikia. Anaziburuta, ya kushoto zaidi. Ameshapita sebuleni.

Hapa ndipo ninapofunga kompyuta kila siku na kujifanya nasoma. Leo nimekuza maandishi mpaka yanajaza kioo, na sijabonyeza kuchapisha. Msomaji wa kwanza awe yeye.

Babu, miwani iko mfukoni mwa shati. Keti hapa kwangu. Anzia juu, kwenye namba.