Homa ya Kukua

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie, na pole kwa mgongo. Je, sasa unaweza kuinama? Sisi tunapumua. Shemeji yako anakusalimu, na cherehani yangu bado inatulisha.

Uliuliza ile bima ya afya imeishia wapi. Unajua niliiomba kwa sababu moja tu: nipate kuzaa pazuri, Mungu akinijalia mtoto.

Kampuni ilinipeleka kwa daktari wao. Akauliza kama nimewahi kuugua homa zinazojirudia. Nilicheka, dada! Nikamwambia kwetu kila ugonjwa jina lake homa: jino likiuma, homa, tumbo likisokota, homa. Nikamsimulia na ile “homa ya kukua” ya mama, koo lilivyoniwaka, kisha magoti yakavimba, na mama akisema ninarefuka. Nikaongeza kwamba urefu wenyewe mpaka leo sijauona. Hakucheka. Aliweka kipimo kifuani, akasikiliza mpaka nikaanza kuogopa.

Akanieleza taratibu kwamba kule hakukuwa kukua. Yalikuwa maambukizi ya koo yasiyotibiwa, na homa yake iliponiacha magoti ilikuwa imeshaharibu moyo. Mlango mmoja wa moyo wangu haufungi sawasawa. Kampuni imekubali kunikatia bima ya kila kitu isipokuwa moyo na chochote kitakachoutaabisha, uzazi ukiwemo. Shemeji yako aliuliza sasa kimebaki nini, kucha?

Daktari alinisihi nisishike mimba kabla ya kutibiwa. Dada, mficha maradhi kilio humuumbua, kwa hiyo nakuambia wewe: kumbe nilikuwa nimeshashika. Naogopa. Naogopa sana, wala sitakudanganya. Lakini namtaka mtoto huyu. Kliniki ya moyo ya hospitali kuu imenipokea, na gharama tutazibeba wenyewe.

Nina ombi moja. Mama asijue habari ya homa. Yale magoti aliyakanda kwa maji ya moto mpaka mikono ikamchoka, huku akinibembeleza kwamba nitakuwa mrefu kukupita wewe. Alifanya alichokijua. Mwambie anapata mjukuu, basi. Akiuliza bima, sema nimepata.

Nisalimie watoto na shemeji, na wote wanaoniulizia. Niombee, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba