Niliwakimbia Wageni wa Posa kwa Sababu ya Betri

Kwako Mama Jeruto, pokea salamu kutoka Kanduyi, na ukimaliza kucheka tafadhali nisaidie, kwa sababu huku kwetu hakuna mtu anacheka.

Mimi naitwa Fridah, nimeajiriwa kwenye ofisi ya kaunti hapa Bungoma, na nina mchumba anaitwa Ngige ambaye ana duka la mbegu na dawa za mifugo kule Kitale, na usishangae nikikwambia tulijuana kwenye gemu ya mbio za magari kwa mtandao, alikuwa ananishinda kila mara mpaka nikamwandikia kumuuliza anapitaje zile kona bila kuteleza, tukaanza kuongea, tukaendelea kuongea, na mpaka leo jioni zetu nyingi ni hivyo, yeye Kitale mimi Kanduyi, kila mtu na laptop yake, tunakimbizana huku tunapiga story. Laptop yangu ni ya gemu kabisa, nzito, ina feni mbili, naipenda na sitakuficha hilo.

Shida ilianza nilipotazama video moja, jamaa anasema ukichaji mpaka mia betri inazeeka, ukiiacha ishuke chini ya ishirini inazeeka, ukiiacha kwa chaja siku nzima inazeeka pia, basi nikaanza kuwa makini, ikifika themanini nachomoa, ikishuka thelathini nachomeka, na hapo bado nilikuwa mtu mzima na akili zake. Halafu nikajifunza kwamba kompyuta yenyewe inaweza kukupa ripoti ya afya ya betri, ikuonyeshe ilikuwa inabeba chaji kiasi gani ikiwa mpya na sasa inabeba kiasi gani, nikaifungua, nikakuta imeshuka kidogo, kesho yake nikafungua tena, imeshuka tena kidogo, na Mama, tangu hapo sijatulia. Nikiwa ofisini najiuliza kama nilichomoa. Mtu ananisalimia, najibu, lakini akili iko kwa soketi. Jumapili moja kwaya yetu iliinuka kuimba, mimi nikatoka kwa mlango wa pembeni na joho langu, nikaenda nyumbani kuangalia, nikapata nilikuwa nimechomoa. Tukicheza na Ngige macho yangu yako kwa ile alama ndogo ya betri chini ya skrini, gari linaingia mtaroni, ananiambia, "Fridah, si uangalie barabara bana!" na mimi nasema naangalia. Nilikataa hata kucheza ikiwa kwa chaja, ati nisiichoshe, kwa hivyo inaisha haraka, nachomeka, nangoja, nachomoa, tunaanza upya, raha imekwisha na bado siwezi kuacha.

Sasa siku ya wageni. Wazazi wa Ngige walikuja nyumbani kwetu Naitiri kujitambulisha na kuanza mambo ya posa, wametoka Kitale asubuhi na mapema, mama yake amevaa vizuri, baba yake ameleta blanketi kwa baba yangu, na watu wetu walikuwa wamejipanga, kuku wamechinjwa, shangazi yangu Wilkista amepika tangu alfajiri, mimi nimeshonewa kitenge. Nikaletwa mbele, nikasalimia, nikaketi. Mchungaji akasema tufumbe macho tuombe. Mama Jeruto, nilipofumba macho nikaona laptop yangu kule Kanduyi, iko mezani, chaja iko ndani, stima iko, imefika mia na bado inakunywa. Nikajiambia wacha ujinga. Mchungaji akaendelea kuomba, anaombea safari, anaombea mvua, na mimi kifua kinanibana, magoti yanacheza yenyewe, na kabla hajasema amina nilikuwa nimeinuka na kupita jikoni na kutokea nyuma na kusimamisha pikipiki barabarani.

Mwenye pikipiki aliniangalia kitenge chote. "Kanduyi? Hii Kanduyi ya Bungoma? Madam, huko ni mbali sana."

Nikamwambia twende tu.

Nilifika kwangu nimejaa vumbi mpaka kwa meno, nikafungua mlango, na laptop ilikuwa imefungwa mezani, baridi kabisa, hakuna waya, na isitoshe stima ilikuwa imepotea ploti nzima. Nikaanza kutafuta chaja nisiione. Hapo ndipo simu ikalia, ni dada yangu Phelista. "Fridah, tumefungua mkoba wako tuone kama umebeba kitambulisho, tujue kama umetoroka kabisa. Chaja ya laptop iko hapa ndani. Wewe uko wapi?" Nilikaa sakafuni nikalia.

Niliporudi Naitiri wageni walikuwa wameondoka. Chakula kilikuwa bado kimefunikwa. Baba alikuwa ameketi nje peke yake na hakugeuka kuniangalia, na mjomba Wakoli ndiye alinipokea kwa maneno, "Ati betri? Umetuaibisha hivi juu ya betri?" Shangazi Wilkista akaniambia kwamba mama ya Ngige hakukasirika, aliuliza tu kwa upole, "Kwani huyu msichana anakimbia nini kwetu?" kisha wakainuka, wakaondoka. Hilo swali linaniuma kuliko kelele za mjomba. Ngige alinipigia jioni hiyo. "Kama hunitaki, sema. Mimi nitaelewa." Nikamwambia ni betri. Akasema, "Yangu iko kwa chaja kila siku na sijawahi kuiangalia. Betri gani inafanya mtu akimbie wazazi?" Akakata. Tangu hapo ananijibu kwa neno moja moja, nyumbani wanasema niuze hii mashine au nisahau ndoa, na mimi nampenda huyu mtu, na hata sasa ninapokuandikia nimeinuka mara kadhaa kuangalia asilimia. Nifanye nini?

Ni mimi Fridah, Kanduyi.

*

Fridah, nilicheka mpaka pale ulipopita jikoni ukatoroka, halafu nikaacha. Mtu anayeondoka katikati ya maombi ya posa yake mwenyewe hafanyi mzaha. Anateseka. Pole.

Nilikupigia simu kabla ya kukujibu, kwa sababu kuna jambo hukuliandika, na wasomaji wangu walisikie. Nilikuuliza, "Ukicheza, hiyo laptop unaiweka wapi?"

Ukanijibu, "Kitandani, Mama. Juu ya blanketi, isikwaruzike."

Blanketi! Mwanangu, hizo feni mbili zinavuta hewa kutoka chini. Wewe umeziba pua za mashine kisha unaikimbiza kwenye kona kwa saa nzima, inachemka, halafu unashangaa ripoti ya afya inashuka. Nimeulizia kwa mafundi wa kompyuta hapa Kitale na wote wamesema jambo moja: joto ndilo linalokula betri haraka kuliko makosa mengine mengi. Na ile tabia yako ya kukataa chaja wakati wa gemu imekuponza zaidi, kwa sababu gemu inakamua betri vibaya sana, na kila ukiimaliza na kuijaza unaongeza uchakavu. Umejinyima usingizi ukilinda dirisha huku mlango uko wazi.

Kwa hivyo leo jioni iweke mezani, juu ya mbao, si juu ya kitambaa. Mpe fundi aitoe vumbi kwenye feni. Kisha fungua ile programu iliyokuja na laptop, utafute sehemu ya betri, uweke kikomo cha chaji kiwe themanini. Nyingi za gemu zinayo. Ukishaweka, mashine itajizuia yenyewe hata ukiiacha kwa chaja wiki nzima, na unapocheza cheza ikiwa imechomekwa. Ukisafiri, izime, uiache na chaji ya nusu hivi. Usiiache ndani ya gari juani. Jambo pekee la kukufanya ushtuke ni ukiona imevimba, ile sehemu ya kusogezea kishale kwa kidole imeinuka au mfuniko haufungi vizuri: hapo izime, usiibonyeze, usiitoboe, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Mengine yote hayana dharura. Betri inazeeka hata ukiilinda kama yai. Ikichoka utabadilisha, na laptop itaendelea.

Hiyo ripoti, acha kuifungua. Sisemi ipunguze. Iache. Ukiona baada ya kuweka kikomo bado mikono inawasha, au wasiwasi umehamia kwenye jiko la gesi au kufuli ya mlango, nenda hospitalini uombe kuonana na mshauri wa mambo ya akili. Wapo, na kwenda kwao si aibu. Magoti kucheza na kifua kubana si ukaidi wako, lakini ukiyafuga yatakuendesha.

Sasa Ngige. Watu wako watakuambia ulikuwa unaikimbia ndoa na betri ilikuwa kisingizio. Mimi sijui, na mjomba Wakoli hajui. Keti ujiulize wewe mwenyewe, na jibu lolote utakalopata, Ngige awe wa kwanza kulisikia, uso kwa uso, kule dukani kwake, si katikati ya gemu. Usiuze laptop ili kumfurahisha mtu. Hakuna aliyekuomba laptop, Fridah. Walikuja kukuona wewe.

Na kwenye simu niliuliza kama mama ya Ngige amesema lolote. Ukasema, "Alinipigia jana. Sikushika. Sijui nitamwambia nini."

Hapo ndipo nilikasirika, na bado nimekasirika. Mama aliyesafiri kutoka Kitale akaachwa ameketi mbele ya chakula, ndiye amekupigia wewe, na umeiacha simu ilie? Huyo hakupiga kukutukana. Angetaka kutukana angeanza pale Naitiri mbele ya watu.

Mpigie leo. Usitume ujumbe, usimtume Phelista, usingoje kwanza moyo utulie. Akishika, taja jina lako, umwombe msamaha, unyamaze umsikilize. Akikuuliza ulikuwa unakimbia nini, mwambie ukweli wote hata kama utasikika mjinga. Halafu muulize ni siku gani wewe na shangazi yako mnaweza kwenda kumwona.