Sahihi Yangu kwa Goti la Mama Sifa

Jumatatu, tarehe 5 Novemba
Wagonjwa sita kabla ya saa nne. Mabega mawili, mgongo mmoja, watoto wawili wenye nyayo zilizopinda. Wa mwisho ni Mama Sifa wa Itebero. Risasi ilimpata shambani. Ndugu zake walimbeba siku nne msituni, daktari akamkata mguu chini ya goti. Goti ni zima, lakini limekunjika na halitaki kunyoka. Leo limebakiza nyuzi ishirini na tano kunyoka kabisa. Likikauka hivyo, mguu wa bandia hautamfaa, na kwao shamba ni mwendo wa nusu siku.
Anahitaji dawa kali ya maumivu saa moja kabla ya zoezi. Vidonge vya kawaida havimsaidii. Daktari alishuka Goma. Sasa kuna mapigano Mushaki na barabara ya kurudi huku imefungwa.

Jumanne, tarehe 6 Novemba
Nimeandika karatasi ya dawa mwenyewe. Jina langu, kazi yangu: kine, mnyoosha viungo. Zawadi, muuguzi anayeshika chumba cha dawa, ameirudisha.
"Papa Kine, hii ordonansi haiko na sinyatire ya dokta."
Haina, nikamwambia. Nilisahihisha lugha, karatasi ilibaki vile vile.
Akafungua mtoto wa meza. Karatasi tupu, zote zina sahihi ya daktari. Alizisaini kabla ya kuondoka.
"Dokta alishasinya, Papa. Weye ujaze tu. Nani atajua?"
Nitajua mimi. Nimekataa.

Alhamisi, tarehe 8 Novemba
Zoezi bila dawa. Mama Sifa aliuma kitenge chake. Niliacha katikati. Nyuzi thelathini. Tumerudi nyuma.
Zawadi alipita mlangoni. "Papa, wino yako iko nauma kuliko goti yake?" Wauguzi walicheka. Nina hasira, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.
Nimesoma tena kanuni iliyobandikwa ukutani. Dawa hizi zitolewe "kwa karatasi iliyosainiwa na daktari". Iliyosainiwa. Haisemi iliyoandikwa, wala haisemi daktari awe amemwona mgonjwa. Basi karatasi iliyosainiwa kabla ya ugonjwa ni halali, na yangu, mimi niliyelishika goti hilo kila siku, ni haramu. Aliyeitunga sentensi hii hakufikiri. Nimekuwa nikiitii miaka thelathini na moja.

Ijumaa, tarehe 9 Novemba
Nimekwenda kwa jestionere, msimamizi wa hospitali. Nimemchukua Zawadi pamoja na karatasi zake tupu. Jestionere hakuinua kichwa.
"Papa, tuko mu vita. Usituletee gramere."
Si sarufi, nilimwambia. Mkono wangu ukijaza chini ya jina la daktari, mnauamini. Ukijaza chini ya jina langu, mnaukataa. Mgonjwa ni yule yule, dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile. Tofauti ni moja: pakitokea kosa, atalaumiwa mtu aliyekuwa Goma.
Aliendelea kuandika. Nilidhani nimeshindwa. Zawadi ndiye aliyesema.
"Mie nitatoa. Lakini uandike na jina yangu pale, Papa. Isikuwe yako peke."
Nililiandika kwa herufi kubwa. Saa nne Mama Sifa akameza dawa. Saa tano tukaanza. Nyuzi ishirini na mbili.

Jumatatu, tarehe 12 Novemba
Barua kutoka ofisi ya daktari mkuu wa eneo. Pikipiki imeileta kwa njia ya Nyabiondo. Jestionere amewaarifu kwa simu. Nijieleze kwa maandishi kwa nini "nimejitwalia mamlaka ya daktari".
Nimejibu leo leo, ukurasa mmoja. Kwamba sikujitwalia kitu: nilisaini nilichokifanya. Kwamba siombi kuhurumiwa kwa sababu ya vita, maana hata siku za amani daktari mmoja hawezi kushika magoti yote ya milima hii. Kwamba kine aruhusiwe kuandika dawa za maumivu za viungo anavyovitibu, kwa orodha fupi, baada ya mafunzo na mtihani. Mimi niko tayari kufanya mtihani huo kesho.
Nimezitaja pia zile karatasi tupu. Daktari ni rafiki yangu. Nimezitaja hata hivyo.

Jumatano, tarehe 14 Novemba
Nyuzi kumi na mbili. Mama Sifa amenitukana kwa lugha ya kwao, kwa kirefu. Wiki iliyopita hakuwa na pumzi ya kutukana. Nimefurahi.

Jumamosi, tarehe 24 Novemba
Jibu limefika. Onyo, litawekwa kwenye faili langu. Kuhusu kanuni: "pendekezo limepokelewa". Halisemi limepokelewa na nani.
Nimesaini kwamba nimepata onyo. Kisha nimeandika karatasi ya dawa ya leo na kuisaini kwa kalamu hiyo hiyo. Zawadi ameisoma yote, ametia sahihi yake chini ya yangu, ametoa dawa.
Mvua tangu asubuhi. Mama Sifa amelala chali. Nimejaribu kupitisha kiganja kati ya goti lake na shuka. Hakikupita. Nyuzi sifuri.